Kimbangu hakujiita Mungu

 

Tangu 2023, tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa katika nchi yetu ya Kongo. Ni siku ya mapambano ya Simon Kimbangu na ya dhamiri ya Kiafrika. Ofisi zinafungwa, watoto hawaendi shule, na midomo inafunguka. Kila mwaka maneno ni yale yale. Huyu anauliza kwa nini Serikali inatusimamishia kazi kwa ajili ya mchawi wa Bas-Congo. Yule anasema Kimbangu ndiye aliyewakataza watu kulipa kodi. Mwingine, na huyo mara nyingi ana Biblia kwapani, anasema Wakimbangu wanamwabudu binadamu, basi Kimbangu ni Kristo wa uongo. Halafu kuna anayevichanganya vyote akamaliza kwa neno moja: hao ni Kitawala, dini nyingine kabisa ambayo nitaieleza mwishoni.

Niseme mapema nilipo. Mimi si Mkimbangu. Sivai kijani na nyeupe, sijawahi kufika Nkamba, na yapo mambo katika kanisa lao ambayo siyakubali na nitayataja kabla sijaondoka kwenye maikrofoni. Lakini mtu akishakufa hawezi kujibu, na huyu hata alipokuwa hai hakupewa nafasi ya kujibu. Ninachodai leo ni kidogo tu. Mafundisho ya Kimbangu yapimwe kwa yale aliyoyatenda na kuyasema yeye mwenyewe mwaka 1921, alipokuwa huru. Yasipimwe kwa yale ambayo Bula Matari, yaani serikali ya kikoloni ya Wabelgiji, aliandika kumhusu ili amfunge, wala kwa yale ambayo wajukuu wamesema kumhusu miaka themanini baadaye kwa sababu wanampenda.

Tuanze kwa kumjua. Kimbangu alizaliwa Nkamba, katika nchi ya Wakongo, mnamo 1887. Alilelewa katika dini na wamisionari wa Kibaptisti wa Uingereza, wale wa BMS. Sasa ninyi mlio na ndugu Yakusu, chini kidogo ya Kisangani kando ya mto, hamhitaji kuelezwa BMS ni nani. Ni hao hao. Misheni ya Yakusu iliyowafundisha Walokele kusoma, yenye hospitali ambayo babu zetu walipanda mitumbwi kuifuata, na misheni ya Ngombe Lutete iliyombatiza Kimbangu pamoja na mkewe Muilu Marie mwaka 1915, zote zilikuwa chini ya shirika moja, zikitii halmashauri moja kule London. Kwa hiyo Mprotestanti wa Yakusu anapomcheka Kimbangu anamcheka mtu aliyenyonya titi moja na babu yake. Kimbangu alikuwa katekista, mwalimu wa dini wa kijiji, wa aina ile tunayoijua sana hapa kwetu: analima mihogo asubuhi, jioni anapiga kengele, anakusanya watoto na watu wazima na kuwasomea Neno. Hakuwa padri wala pasta. Hakuwa na cheo.

Mwaka 1918, wakati homa kubwa ya mafua ilipokuwa inafagia dunia nzima na Kongo pia, Kimbangu alianza kusema kwamba anasikia sauti ikimwita kuwahudumia watu wa Kristo. Alichofanya baada ya hapo wengi hawakijui: alikataa. Akakimbilia Kinshasa kutafuta kazi, kama kijana yeyote anayekimbia kijiji. Mambo hayakumwendea vizuri, akarudi Nkamba. Asubuhi ya tarehe 6 Aprili 1921, akipita katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, akaingia katika nyumba ya mwanamke mgonjwa sana aitwaye Nkiantondo, akamwekea mikono, akaomba kwa jina la Yesu Kristo. Yule mama akapona. Hivyo ndivyo waumini wanavyoisimulia, na hiyo ndiyo tarehe tunayopumzikia kazi siku hizi. Kama wewe huamini miujiza, hilo ni lako. Angalia tu jina lililotajwa katika maombi yale. Halikuwa la Kimbangu.

Baada ya hapo watu wakamiminika. Walikuja kwa miguu, wakiwabeba wagonjwa kwenye machela, kutoka pande zote za Bas-Congo na hata kutoka Kongo ya Wafaransa na Angola ya Wareno. Mashamba ya wazungu yakakosa wafanyakazi, na zahanati zikabaki na vitanda vitupu. Waliokuwa wakifundishwa dini kwa mapadri wakaacha mafundisho katikati wakaenda Nkamba. Kwenye makanisa ya BMS ikawa kinyume: yakajaa, na kila mtu akataka kitabu cha nyimbo.

Na Nkamba walifundishwa nini? Hapa ndipo ninapowaomba wale wa neno la "mchawi" wasogeze kiti karibu. Kimbangu alisema mambo ambayo si magumu kuyakumbuka. Tupilieni mbali hirizi. Mwanamume awe na mke mmoja. Acheni ngoma za usiku na ulevi unaokwenda nazo. Ombeni kwa Mungu kupitia Kristo, na mpendeni hata adui. Watu wakatii kwa namna ambayo iliwashangaza wamisionari wenyewe. Vijiji vilitoa sanamu za nkisi, vifurushi vya dawa, pembe na mifuko ya mizizi, vitu ambavyo mababu walivirithishana, wakavichoma moto au wakavitupa kando ya njia iendayo Nkamba. BMS ilikuwa imekaa nchi ya Wakongo tangu 1878. Ilihubiri dhidi ya vitu hivyo zaidi ya miaka arobaini, ikafaulu kidogo kidogo, mtu mmoja hapa na mmoja pale. Katekista huyu akafanya kazi hiyo ndani ya majuma machache.

Sasa niambieni. Sisi watu wa msitu tunamjua mchawi. Tunajua pia nganga anakula wapi: anakula kwenye hofu ya watu na kwenye dawa anazowauzia. Ni mchawi gani anayewaambia wateja wote wa nchi watupe dawa zote, zake na za wenzake? Pasta anayemwita Kimbangu mchawi leo usiku, kesho jioni anaweka vipaza sauti viwili barabarani, anaita wagonjwa, anawawekea mikono na kupaza sauti kwa jina la Yesu. Kitendo ni kile kile. Tofauti ninayoiona ni chupa za mafuta ya upako zinazouzwa mlangoni, na hizo sijasoma popote kuwa Kimbangu aliziuza.

Twende kwenye kodi na uasi. Shtaka hili lilitoka serikalini, na serikali ilikuwa na macho yake pale. Tarehe 11 Mei 1921, msimamizi wa teritwari aitwaye Léon Morel alifika Nkamba kujionea. Ripoti yake ipo, wanahistoria wameisoma na kuisoma tena, na kwa maoni yangu hakuna karatasi inayomtetea Kimbangu vizuri kuliko ile iliyoandikwa na mtu aliyetaka kumkamata. Morel alikuta nini? Alikuta watu wakiimba tenzi za Kiprotestanti, wakitetemeka na kupiga kelele kwa roho. Akakasirika kwa sababu hawakumnyamazia. Akataka kuzungumza na Kimbangu, na Kimbangu akafungua Biblia akasoma hadithi ya Daudi na Goliati. Mzungu akaielewa vizuri sana hadithi ile, kupita alivyotaka. Alijua ni nani Goliati mahali pale.

Hapo sitaficha kitu. Kusoma Daudi na Goliati mbele ya mtu wa serikali mwenye bunduki si jambo la mchezo. Kimbangu hakuwa kipofu, aliona fimbo, aliona kazi za lazima, aliona watu wa kwao wanavyobebeshwa mizigo. Neno alilosoma lilikuwa na makali yake. Lakini makali hayo aliyakuta ndani ya Biblia ambayo wazungu wenyewe waliileta, wakaitafsiri Kikongo, wakamfundisha kuisoma. Alikuwa na umati wa maelfu. Hakuugawia mapanga, wala hakuupeleka kuchoma ofisi ya serikali huko Thysville.

Na Morel, aliporudi ofisini, hakuandika kwamba ameona jeshi. Aliandika maneno ya mtu aliyefikiri sana. Alisema dini za Ulaya zimejaa mambo ya kufikirika yasiyomfaa Mwafrika, ambaye anataka kitu cha kugusa na ulinzi anaoweza kuuona, na kwamba Kimbangu anawapa watu dini inayowaingia. Kwake hatari ilikuwa hapo. Kwangu mimi huo ni ushahidi wa mwalimu hodari.

Ni kweli pia kwamba baada ya Kimbangu walizuka manabii wengine, wengi, kila bonde na wake, na baadhi yao walihubiri kwamba siku za mzungu zimehesabiwa, hakuna haja ya kulima wala kulipa kitu. Wengine waliacha mashamba wakingoja mwisho wa dunia. Kimbangu mwenyewe alikuwa na wasaidizi aliowatambua, na wale waliojipa unabii wenyewe waliwasumbua hata watu wa Nkamba. Serikali haikutaka kutenganisha. Iliwaweka wote katika kapu moja, ikabandika jina la Kimbangu juu. Waumini wake hadi leo wanafundishwa kulipa kodi na kutii sheria, na wanasema hilo ni agizo la mwanzo kabisa. Kwa kweli, katika nchi hii yetu, ukitafuta kanisa ambalo wakubwa wa nchi hawajawahi kuliogopa tangu uhuru, utakuta ni hilo. Mimi ningeweza hata kuwalaumu kwa kuwa watiifu mno wakati wa Mobutu, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Tarehe 6 Juni askari walifika Nkamba kumkamata. Palikuwa na fujo, risasi zikalia, mtoto akauawa, nyumba zikaporwa. Kimbangu akaponyoka. Alijificha kwa watu kwa miezi mitatu hivi, na katika eneo lile lote lililowekwa chini ya sheria ya kijeshi hakuna aliyemtoa. Halafu Septemba 12 akarudi mwenyewe Nkamba, akajitoa. Wafuasi wakataka kupigana, yeye akawakataza. Mwenye kutaka kumwita mwasi anieleze siku hiyo.

Kesi ilisikilizwa Thysville, ambayo leo tunaiita Mbanza-Ngungu, mbele ya mahakama ya kijeshi. Jaji alikuwa ofisa wa jeshi, Kamanda de Rossi. Hapakuwa na wakili. Hapakuwa na rufaa. Oktoba 3 hukumu ikasomwa: fimbo 120 na kifo. Fikirini mpangilio huo, kumchapa mtu fimbo mia na ishirini za ngozi ya kiboko na kisha kumuua. Wamisionari wa BMS, hata wale ambao hawakupendezwa na mambo ya Nkamba, waliona haya wakaomba asamehewe, na Mfalme Albert wa Ubelgiji akabadili kifo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu akapelekwa mbali na kwao kadiri ilivyowezekana, upande mwingine wa nchi, gereza la Elisabethville, Lubumbashi ya sasa. Alikaa humo mpaka alipokufa, Oktoba 12, 1951. Ni miaka thelathini. Mandela, ambaye vijana wetu wanavaa picha yake kifuani, alifungwa ishirini na saba.

Hata kifo chake hakikuachwa salama. Walitokea waliosema kwamba kwenye kitanda cha hospitali alikubali kuwa Mkatoliki. Wakimbangu wanakataa kabisa. Mimi naona ajabu moja tu: waliomwita Kristo wa uongo walitaka sana awe wao.

Sasa hili la kumwabudu, ambalo ndilo zito, na ambalo katika barua na simu zenu ndilo linalorudi zaidi. Hapa siwezi kulipita haraka.

Kanisa lilipata kibali cha serikali Desemba 24, 1959, likiongozwa na mwana wa mwisho, Joseph Diangienda. Mama yao, Muilu Marie, ambaye ndiye aliyeshika moto usizimike muda wote huo Nkamba huku polisi wakimchungulia, alikufa Aprili ya mwaka ule ule, miezi michache tu kabla ya kuona kibali. Ndugu mkubwa, Charles Kisolokele, akawa waziri katika serikali ya kwanza ya mtu wetu wa Stanleyville, Kisangani ya sasa, Patrice Lumumba. Mwaka 1960 mwili wa Kimbangu ukatolewa Elisabethville ukazikwa upya Nkamba. Mwaka 1969 kanisa likapokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Ulizeni wenyewe: baraza lile, lenye Waorthodoksi na Waanglikana na Walutheri, lingewapokea watu wanaofundisha kwamba Mungu alifia gereza la Katanga? Wakati ule walisema Kimbangu ni nabii, mtumwa wa Yesu Kristo. Jina la kanisa lenyewe lilisema hivyo: Kanisa la Yesu Kristo Duniani kwa nabii Simon Kimbangu.

Baadaye mambo yakageuka. Neno "nabii" katika jina likaondolewa, likawekwa "mjumbe wake maalumu". Diangienda alikufa 1992. Ndugu yake Dialungana akachukua uongozi, na wakati wake Noeli ikahamishwa kutoka Desemba 25 kwenda Mei 25, siku ambayo yeye Dialungana alizaliwa. Alipokufa mwaka 2001 akafuata mjukuu, Simon Kimbangu Kiangani, aliyezaliwa Oktoba 12, 1951, siku ile ile babu alipokata roho. Mafundisho ya kwamba Kimbangu ni Roho Mtakatifu aliyevaa mwili, yaliyokuwa yakinong'onwa vijijini tangu zamani, yakawa mafundisho ya mimbarini, na wana watatu nao wakapewa nafasi katika hesabu hiyo ya Utatu. Wanataja Injili ya Yohane, sura ya kumi na nne, ahadi ya Msaidizi. Makanisa mengine ya Kongo yakajitenga nao miaka ya 2000 ilipoanza, na mwaka 2021 Baraza la Makanisa Ulimwenguni likatangaza kwamba hawamo tena.

Nilisema nitataja nisiyoyakubali. Ni hayo. Sikubali Noeli ya Mei na sikubali hesabu ile ya Utatu, na Mkimbangu mwenye kunisikiliza asidhani naficha.

Lakini wapendwa, mtoto akiiba, hatumpeleki babu yake mahakamani. Katika kumbukumbu za 1921, za wafuasi wake na za waliomfunga, Kimbangu anajulikana kama mtu aliyetumwa na Kristo, anayeomba kwa jina la Kristo. Sijaona hata mahali pamoja anapojiita Mungu. Na waliomhukumu wangelipenda sana kuliandika neno hilo. Mapadri wa wakati ule walitafuta uzushi kwa taa. Angelisema mara moja tu "mimi ni Mungu", lingekuwa mstari wa kwanza wa hukumu.

Nendeni pia kwenye Matendo ya Mitume, sura ya kumi na nne. Paulo na Barnaba wamefika Listra, wamemponya kilema, watu wakasema miungu imeshuka, wakaleta ng'ombe na mashada wawatolee dhabihu. Mitume wakararua nguo zao, wakakimbia katikati ya umati wakipiga kelele kwamba wao ni watu kama wao. Hata hivyo, Luka anasema, ilikuwa shida kuwazuia. Sasa mfungeni Paulo siku ile ile. Mtoeni Listra, mwekeni katika chumba cha gereza mwendo wa juma zima kutoka pale, miaka thelathini, bila barua. Halafu rudini Listra kuwauliza wajukuu wa wale wenye ng'ombe wanaamini nini. Serikali iliyomwondoa Kimbangu baada ya miezi mitano ndiyo iliyomnyima muda wa kurarua nguo zake. Alihubiri muda mfupi kuliko ukataji wa shamba moja la mpunga hapa kwetu mpaka mavuno. Hakuacha kitabu. Aliacha watu wanaompenda, wanaoteswa kwa ajili yake, waliokatazwa hata kutaja jina lake. Watu wa namna hiyo humpandisha mwalimu wao juu mpaka akaguse mbingu.

Nina swali jingine hapa, la mwalimu mmoja wa shule, kuhusu ubatizo. Anasema Wakimbangu hawatumii maji, wanaweka mikono tu, basi si Wakristo. Ni kweli hawatumii maji. Wanasema Yohane alibatiza kwa maji na Yesu kwa Roho. Unaweza kubishana nao, hata mimi ningebishana. Lakini Jeshi la Wokovu halibatizi kwa maji pia, na sijamsikia mtu hapa akiwaita waganga. Karamu ya Bwana nayo wanaifanya kwa namna yao tangu Aprili 6, 1971, yubile ya miaka hamsini: mkate wa viazi, mahindi na ndizi, na asali iliyochanganywa na maji mahali pa divai. Sioni ubaya. Divai kutoka Ureno inafika hapa kwa bei ya mbuzi, asali tunayo msituni.

Na miiko yao? Hakuna pombe, hakuna tumbaku, hakuna kucheza ngoma, hakuna nguruwe, hakuna nyani. Viatu vinavuliwa wakati wa kuomba. Naelewa kwamba hapa kwetu Bengamisa mwiko wa nyani unauma kuliko wote. Jirani yangu, mtu mzuri wa kunichekesha, aliniambia angeweza kuacha lotoko, angeweza kumuacha mke wa pili kwa machozi kidogo, lakini ile nyama iliyokaushwa kwa moshi, iliyopikwa na mawese na pilipili, hapana, hiyo ni kumwonea mtu. Basi akabaki Mkatoliki. Angalau alijua sababu ya kukataa kwake. Wengi wanaomtukana Kimbangu hawajui hata miiko hii, wamesikia tu.

Nimalizie na Kitawala, maana hili ndilo letu hasa watu wa Tshopo. Kitawala haikutoka Nkamba. Ilipanda kutoka kusini, kutoka Nyasaland na Rhodesia, kwa watu waliosoma vitabu vya Watch Tower, ikaingia Katanga, ikapanda mpaka huku. Mwaka 1944 iliwaka moto Masisi mpaka Lubutu, chini ya mtu aitwaye Bushiri, na damu ilimwagika pande zote mbili. Baadhi ya watu wake wapo hadi leo ndani ya misitu yetu, wengine wanakataa chanjo na sensa. Mkimbangu anajenga shule, anachanjwa, anapiga tarumbeta katika fanfare siku ya sikukuu ya taifa mbele ya gavana. Hawa wawili wangekaa meza moja wangegombana mpaka asubuhi.

Kilichowachanganya katika vichwa vya wazee wetu ni kambi. Wafuasi wa Kimbangu walihamishwa kwa nguvu kutoka Bas-Congo, familia kwa familia, wakatawanywa katika nchi nzima, na wale walioonekana hatari waliwekwa katika makoloni ya kilimo yenye ulinzi. Mojawapo lilikuwa Lowa, kando ya Lualaba, katika eneo la Ubundu, mkoa huu huu wetu. Watu wa Kitawala nao wakatupwa humo. Kwa askari wa Bula Matari wote walikuwa wafungwa wa dini, na mwanakijiji aliyekuwa akiwauzia samaki naye hakupata wa kumweleza. Wakongo wale walikuja na mke na watoto, lugha yao hakuna aliyeijua, wakalima kwa amri, wakaimba jioni kwa siri, wakawazika wafu wao pale. Dini yao ilifika Tshopo kwa njia hiyo, si kwa mhubiri aliyetumwa wala kwa fedha za Ulaya. Serikali iliibeba yenyewe kwenye meli zake ikidhani inaiua.

Basi anayetaka kubishana nami kuhusu Kimbangu alifundisha nini, asianze na picha za Nkamba kwenye simu. Apande Ubundu, ashuke Lowa, aulize kwa wazee wa pale wale watu wa Bas-Congo waliishi vipi, waliwahi kumroga nani, na waliomba kwa jina la nani. Akirudi na jibu tofauti na langu, maikrofoni hii nitampa, nusu saa nzima, na mimi nitakaa kitako nimsikilize.